Maneno Ishirini ya Mstari wa Matanuri

3 Machi

Kaka yangu,

Shikamoo. Nimekupigia simu mara saba wiki hii, inaita mpaka inakatika yenyewe. Kama umenuna, sema umenuna. Sasa nimeshika kalamu kama watu wa zamani, na barua hii anakuletea dereva wa idara yetu, ambaye kila Jumanne anakuja huko kwenu.

Nimepewa kazi inayoninyima usingizi. Idara ya maafa inataka mfumo wa kutangazia hatari bonde lote chini ya bwawa ufufuliwe kabla ya mvua za mwisho wa mwaka. Nguzo zipo, spika za honi zipo juu yake, nyaya nimezipima ni nzima. Kilichokufa ni amplifaya ya kuzikuzia sauti, na mimi ndiye wa kuchagua mpya. Wenye bwawa wakifungua milango ya maji, mtu aliye mbali kabisa, kule mtaa wa matanuri ya matofali, ana dakika ishirini na tano za kupanda mlima na watoto wake. Asiposikia tangazo, Kaka, maji hayamsubiri aulize.

Mstari wa matanuri ndio unaonitesa. Una nguzo sita, honi kumi na mbili. Bosi anapenda amplifaya ndogo ya wati mia na hamsini, kila honi ipate wati kumi. Mimi nataka kila honi ipate thelathini, na hapo hesabu inadai amplifaya ya wati mia tano, ili ibaki nafasi ya kupumua. Bosi anasema nithibitishe. Basi dereva amekuja na zote mbili. Atazifunga kwa zamu kwenye kibanda cha mitambo na kusoma yale maneno yako ishirini ya kupimia spika, moja kila sekunde kumi. Wewe simama kwenye tanuri la mwisho, mashine za kusaga udongo zikiwa zinanguruma, uandike unachosikia. Fomu mbili, saini mbili.

Wapo wengi ningeweza kuwatuma. Lakini mtu anayesikia skrubu iliyolegea ndani ya spika akiwa upande wa pili wa uwanja, namjua mmoja tu.

Mdogo wako,
Bi Karatasi (jina ulilonipa mwenyewe, usijifanye umesahau)


12 Machi

Bi Karatasi,

Marahaba, marahaba. Ningenuna ungejua, mbona nikinuna hata paka wa jirani anajua! Simu yangu imeingia maji. Usijisumbue kupiga, wewe andika. Tena barua nzuri, mtu anaisoma mara mbili.

Sasa sikiliza mambo ya amplifaya. Usinunue namba iliyoandikwa kwenye boksi, boksi halijawahi kuona aibu. Kuna zinazojiita za wati mia tano, kumbe zinaweza kupiga kelele mara moja tu kisha zikae chini zikihema. Muulize muuzaji: wati hizi itazitoa saa nzima, mchana wa jua, ndani ya kibanda cha bati? Akianza kukuna kichwa, muage. La pili, harusi kubwa haipikiwi na mpishi mmoja. Gawa mstari: nguzo ya kwanza, ya tatu, ya tano upe amplifaya moja, ya pili, ya nne, ya sita upe nyingine. Moja ikifa, kila mtu bado ana honi inayosema karibu naye. La tatu, betri. Siku ya mafuriko umeme ndio wa kwanza kukimbia, hautuagi. Chukua amplifaya zile nyepesi za kisasa zisizogeuza betri kuwa joto.

Jaribio tumefanya. Nimesimama tanuri la mwisho, vumbi mpaka kwenye kope. Wanawake wanaofyatua matofali walinicheka mbavu ziwaume, eti Mzee Moja-Mbili leo anafanyishwa mtihani. Fomu zimo ndani ya bahasha. Amplifaya kubwa, maneno ishirini kati ya ishirini. Ndogo, ishirini kati ya ishirini.

Ule vizuri huko. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Kaka yako,
Moja-Mbili


19 Machi

Kaka,

Shikamoo. Bosi ameziona fomu, karibu anikumbatie. “Kama ndogo inasikika sawa na kubwa, kubwa ya nini?”

Nikuambie ukweli, nilirudi mezani nikapiga hesabu upya mara tatu. Kila mara karatasi inaniambia wati kumi pale tanuri la mwisho zingemezwa na mashine. Lakini hesabu hizo ulinifundisha wewe. Zikigombana na sikio lako, ni nani mimi? Nimezikunja nikaziweka kwenye droo, nikaandika pendekezo: amplifaya ndogo, mbili kwa mstari, kwa kupokezana nguzo kama ulivyosema. Kamati inakaa tarehe 28 Aprili. Ikipitisha, imepita.

Watu mia nne wa matanuri, Kaka. Nimelala kidogo jana, kwa sababu yako.

Msalimie wifi.

Bi Karatasi


27 Machi

Mdogo wangu,

Nimefikiri. Nunua ile kubwa.

Andika kwamba siku ile upepo ulikuwa wa upande wetu. Andika lolote. Wewe ndiye fundi mkuu, usimwachie bosi akuamulie vifaa kama anachagua rangi ya pazia. Nunua kubwa, na usiniulize maswali.

Kaka yako


5 Aprili

Kaka,

Sitaki hata kuanza na shikamoo, lakini mama alitulea, basi shikamoo.

Nilimuuliza dereva kuhusu upepo. Akasema hapakuwa na upepo, jua lilikuwa la kupasua kichwa, mpaka amplifaya ndogo ikapata joto ikajizima yenyewe katikati ya jaribio. Ilijizima kuanzia neno la kumi na nne hadi la kumi na saba, kisha ikarudi. Hakuniambia mapema kwa sababu alijua utaacha nafasi wazi kwenye fomu.

Nimeitoa fomu. Kumi na nne: mbuzi. Kumi na tano: daraja. Kumi na sita: kikapu. Kumi na saba: shimo. Mwandiko umetulia kabisa. Honi zilikuwa kimya, Kaka! Uliyasikia wapi, ndotoni?

Kumbe ulijaza fomu ukiwa umekaa mahali pa kivuli. Dereva anakutetea, anasema alikuona kwa mbali umesimama na karatasi. Hata kama ulisimama, hukuwa unasikiliza. Nilikupa watu mia nne mkononi, ukawafanyia masihara. Halafu unaniandikia “nunua kubwa, usiulize”, kama vile mimi bado ni yule mdogo wa kukushikia ngazi. Kweli sikio la kufa halisikii dawa.

Sijui nitasema nini mbele ya kamati. Nikisema fomu ni ya uongo, nimekuchafua wewe ambaye mji mzima unakuheshimu. Nikinyamaza, mvua itasema.

Nijibu. Na simu kama imepona, pokea.

Mdogo wako


11 Aprili

Wifi yangu,

Salaam. Nakuandikia naye yuko uani anasafisha nyaya zake. Barua yako ameisoma, akaikunja, akakaa nayo kwenye kiti cha mlangoni mpaka chakula kikapoa. Nilipoichukua mkononi mwake hakukataa. Wifi, maneno uliyomwandikia ni makali, na mengine hukuyajua uzito wake.

Kaka yako hasikii.

Ni mwaka wa tatu sasa. Lilianza sikio la kushoto, nikidhani ananipuuza kama waume wanavyopuuza, tukagombana kweli kweli. Kisha na la kulia likaenda. Simu haijaingia maji, ni nzima, naiona ikiwaka juu ya kabati jina lako likitokea. Mimi nilitaka kuipokea, akanikataza kwa kiapo. Mtu akibisha hodi, namgusa bega. Asubuhi anawasha redio anaiwekea kiganja juu, eti anafuata habari. Pale ukumbi wa mji, kwenye mitambo yake ya sauti, anafanya kazi kwa kutazama mishale ya mita na nyuso za watu. Wakikunja uso, anapunguza. Wakiinamia mbele, anaongeza. Hakuna aliyegundua, maana kila mtu anajua Mzee Moja-Mbili ana masikio ya paka.

Nimemfichia na mimi, usinitoe kwenye lawama. Nilijiuliza, akitolewa ukumbini atakuwa nani? Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na safari hii kifo chenyewe si cha kwake, ni cha wale wanawake wa matofali.

Usimwambie nimekuandikia. Mtafutie njia ya kusema mwenyewe.

Mimi wifi yako


16 Aprili

Kaka yangu,

Shikamoo, tena shikamoo ya magoti.

Nilikuandikia nikiwa na hasira, na hasira zangu unazijua, huwa hazina adabu. Naomba radhi kwa yote. Lile la sikio la kufa, hilo hasa, naomba uisahau hiyo barua nzima.

Jambo lenyewe halijaisha. Nataka jaribio jipya. Maneno yale ishirini ni ya zamani mno, kila fundi aliyepita mikononi mwako anayajua kwa moyo, hata mimi nikilala nayasema. Nimetunga mapya, yamo kwenye bahasha niliyoibandika gundi, hata dereva hajayaona. Lakini kamati haitakubali kurudia kama fomu ya kwanza bado ina saini safi. Mwenye saini ndiye anayeweza kuifuta.

Sitaifuta kwa niaba yako, wala sitasema lolote ambalo hujaniruhusu kusema. Zimebaki siku kumi na mbili. Kama kuna kitu, Kaka, kitu chochote, mimi ni wa damu yako. Hakuna utakachoniambia nikakudharau.

Mdogo wako


21 Aprili

Bi Karatasi,

Marahaba.

Mke wangu amekuandikia. Usimtetee. Anapoandika hugandamiza kalamu kama anachonga kinu, na alama zilizobaki kwenye ukurasa wa chini wa daftari nimezisoma kwa kuuelekeza kwenye mwanga. Macho yangu bado mazima. Nilikasirika nusu siku, kisha nikaona nimepumua.

Ni kweli. Sisikii. Unakumbuka tulipokuwa tunafunga spika kwenye viwanja vya mikutano, nilivyokuwa nakujaza pamba masikioni mpaka unalia? Mimi sikuweka. Nilijiambia fundi aliyeziba masikio atasikiaje kazi yake. Basi kazi imejilipa yenyewe.

Ila jambo moja nataka ulijue, kwa sababu ndilo linaloniuma kuliko yote. Sikukaa kivulini. Nilisimama pale pale, natazama saa. Kila sekunde kumi nikawa naandika. Na nakuapia kwa kaburi la mama, nilidhani nasikia. Maneno yale niliyatunga mwenyewe nikiwa kijana, yamekaa kichwani kuliko majina ya watoto wangu, na kichwa kikawa kinayasema chenyewe, moja baada ya jingine, kwa sauti ya dereva kabisa. Nilirudi nyumbani nimefurahi! Nikasema, kumbe bado. Wiki nzima nilitembea kifua mbele. Kisha siku moja naitazama redio, kiganja juu yake, nikamwona mke wangu anapita, anaizungusha swichi kuiwasha. Ilikuwa imezimwa. Na mimi nilikuwa nasikia habari. Hapo ndipo nilipoogopa, nikakuandikia ununue kubwa. Nilitaka kuwaokoa wale watu bila kujivua nguo. Nilikosea.

Barua kwa bosi wako hii hapa, haijafungwa. Isome kwenye kikao kwa sauti, neno kwa neno. Usiruke mahali kwa kunihurumia, na usinong'one.

Kaka yako


21 Aprili

Kwa Mkuu wa Idara ya Maafa

YAH: KUFUTA SAINI YANGU

Mimi fundi wa sauti wa ukumbi wa mji nilitia saini fomu mbili za usikivu, mstari wa matanuri. Naifuta saini hiyo. Siku ya jaribio sikusikia neno hata moja, kwa amplifaya ndogo wala kubwa, kwa sababu mimi ni kiziwi na nimewaficha ninyi na mwajiri wangu kwa miaka mitatu. Yaliyoandikwa kwenye fomu ni maneno niliyoyajua kabla.

Mdogo wangu hakujua. Hesabu zake alizopiga mwanzo zilikuwa sahihi, naomba zirudishwe mezani.

Naomba jaribio lirudiwe na watu wa matanuri wenyewe, wanaosikia.

Fundi


6 Mei

Kaka,

Shikamoo.

Niliisoma. Yote. Nilipofika kwenye “mimi ni kiziwi” nilikunywa maji, nikairudia sentensi nzima ili asiwepo wa kusema hakuielewa. Mjumbe mmoja aliyezoea kusinzia vikaoni alikuwa macho. Bosi alivua miwani, akaisafisha muda mrefu, kisha akasema rudieni.

Tumerudia juzi, mimi mwenyewe nikisoma maneno kibandani. Wasikilizaji watatu, wanawake wa matofali, mashine zikinguruma. Amplifaya ndogo: maneno saba, sita, saba. Kubwa: kumi na nane, kumi na tisa, kumi na nane. Bosi ametia saini kubwa, mbili kwa kila mstari, na betri za kutosha. Amesema pia kazi ya kukagua betri za vibanda ni ya mita na macho, kama utaitaka ni yako.

Sasa baya. Meneja wa ukumbi alikuwa kwenye kikao. Barua ya kukuondoa imeshaandikwa, itakufikia wiki hii. Nilimfuata mpaka kwenye gari lake nikamsihi. Alinisikiliza vizuri sana, kisha akafunga mlango.

Ulinitaka nisinong'one, sikunong'ona, na nimekutoa kazini kwa mdomo wangu. Sijui nikuombe radhi au nikushukuru, kwa hiyo nafanya yote mawili na hakuna linalotosha.

Mdogo wako


14 Novemba

Kaka,

Nampa dereva karatasi hii ajaribu kupita njia ya mlimani. Simu zote za bonde zimekufa.

Milango ya bwawa ilifunguliwa jana saa nne asubuhi. Mimi nilikuwa zamu, mimi ndiye niliyebonyeza kitufe cha tangazo. Mtambo unaonyesha amplifaya moja ya matanuri ilikufa dakika ya pili, nadhani radi, na ya pili iliendelea mpaka maji yalipofika kwenye kibanda. Maana yake watu walitangaziwa. Hilo najua.

Lakini jana ilikuwa siku yako ya kukagua betri huko matanuri, na wifi yuko kwa mama yake, hukuwa na wa kukugusa bega. Mwaka mzima nimepiga hesabu za wati, za nyaya, za upepo, za kelele za mashine. Nimechagua amplifaya za kusikika na kila mtu bondeni, nikamsahau mmoja, na mmoja mwenyewe ni kaka yangu. Nilikuwa na akili gani? Taa moja tu juu ya nguzo! Taa moja ya kuwaka na kuzima ingenigharimu nini?

Wanasema maji yamefika madirishani. Niandikie, Kaka. Hata neno moja. Nakuomba.


17 Novemba

Bi Karatasi,

Nipo. Naandika nikiwa darasani, shule ya juu mlimani, kwenye kiti cha mtoto, magoti yamefika kidevuni. Usilie tena, karatasi yako imefika imelowa na si mvua yote ile.

Nilikuwa nimemaliza betri, nimekaa nje ya kibanda nakula. Wanawake walikuwa kazini mbele yangu, kama thelathini hivi, wameinama wote. Mara wakainua vichwa kwa pamoja. Wote, Bi Karatasi, kwa mara moja, kuanzia aliye karibu yangu mpaka yule wa tanuri la mwisho, ambaye nilimwona mdogo kama kidole. Hakuna aliyemtazama mwenzake kuuliza kasema nini. Mmoja aliiachia fremu ya tofali ikaanguka, akakimbilia mtoto wake. Nami nikaacha chakula, nikawafuata.

Njia nzima nilitazama migongo yao tu. Waliposimama, nikasimama. Walipokata kulia, nikakata. Mwenyekiti wa mtaa ametuhesabu mara mbili hapa juu: watu wa matanuri wote wapo. Nyumba hazipo, watu wapo. Wazee wawili wanakohoa, mmoja kavunjika mkono. Wamelala chini, wana baridi, wanawaza watarudi wapi. Hilo halina amplifaya.

Taa utaiweka. Si kwa ajili yangu peke yangu, hapa nimekutana na wengine wanne wasiosikia, nao waliokolewa kwa kuvutwa mikono. Andika pendekezo, safari hii nitatia saini kwa macho.

Jana yule mama wa tanuri la mwisho alikaa karibu yangu. Nikamuuliza tangazo lilisomwa na nani, akasema mwanamke. Nikajua ni wewe uliyerekodi. Miaka mitatu sijaisikia sauti yako, mdogo wangu. Nikamwomba aniambie ikoje siku hizi. Alifikiri, kisha akasema polepole, ili nimsome midomo: “Kali. Kama ya mtu anayeita watu wa nyumbani kwake.”

Kaka yako